Baba Alisema Safi Kabisa

Kama ndiyo kwanza unanisoma, pole, umeingia siku mbaya. Wiki iliyopita niliishia kwenye chumba cha daktari wa koo. Mama alikuwa amenishika mkono, na daktari ananimulika tochi mdomoni kama anayetafuta sindano chini ya kitanda. Alikuta vinyama vimeota kwenye nyuzi za sauti. Nilivipalilia mwenyewe, kwa kuimba na mafua kila jioni, nikijiandaa na ufunguzi wa ukumbi mpya ambako mwalimu wa kwaya alikuwa amenichagua niongoze.

"Hakuna kuimba," daktari alisema. "Hakuna kupiga kelele. Hata kunong'ona usinong'one. Kaa kimya mpaka nitakapokuruhusu."

Mama akamuuliza, "Na akiimba kidogo tu?"

"Akiimba kidogo tu, mama, hiyo inaweza kuwa mara yake ya mwisho."

Hapo ndipo nilipowaacha. Nina miaka kumi na sita, sina kitu kingine ninachokiweza, na nimeambiwa nifunge mdomo. Nilirudi nyumbani nalia kimyakimya, maana hata kulia kwa sauti nilikuwa nimekatazwa.

Naomba nirudi nyuma kidogo mjue sauti hii ilikotoka. La sivyo, kilichonipata kesho yake mtadhani nimekitunga.

Baba yangu ni fundi wa spika. Ukimletea pasi atakufukuza. Ukimletea televisheni atakuuliza kama huoni kibao mlangoni. Yeye ni spika tu, kubwa na ndogo, na watu wote wa mtaani wanamwita Fundi kana kwamba mafundi wengine hawapo.

Karakana yake imeungana na nyumba yetu. Ukitoka jikoni umeshaingia, ndiyo maana nguo zetu zote zinanuka gundi. Nilipokuwa mchanga Mama alinilaza ndani ya boksi la besi lililotolewa matumbo, kwa sababu halikuingiza upepo na panya hawakuliweza. Nilipoanza kutambaa, Baba alinifunga mguu kwa waya wa maiki nisifikie chuma cha kulehemu. Kwa hiyo msinishangae. Mtoto aliyelelewa hivyo angekuwa nini kama si mwimbaji?

Wimbo wangu wa kwanza alinitungia yeye. Ulikuwa wa kupimia spika, na hauna maana hata chembe:

*Pepeo pepea, pita polepole,*
*sisimizi sisi, safari si siri,*
*looo, looo, mama yangu looo.*

Mstari wa kwanza ni wa kuona kama spika inapuliza hovyo. Wa pili ni wa kuona kama inachemka. Wa tatu unashuka chini kabisa, huko ni kwa besi. Niliujua kabla sijajua kuomba maji.

"Redio!" Baba alikuwa akiita. "Njoo upime!"

Jina hilo likaniganda. Hata shuleni waliniita Redio, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa hanipendi akawa anasema, "Redio, zima." Sikujali. Nyumbani kulikuwa na mtu aliyeniwasha kila siku.

Kazi ilikuwa hivi. Napanda kwenye kigoda, napewa maiki. Baba ananipa mgongo, anainama kwenye spika, anaweka kiganja juu ya ile karatasi nyeusi ya katikati inayotetemeka. "Imba," anasema. Naimba yote. Nikimaliza anageuka, anatabasamu: "Safi kabisa, mwanangu."

Hakuwahi kusema neno jingine. Mara nyingine alisema safi, kisha nikishaondoka akaendelea kufungua na kufunga, halafu akaniita tena nipime. Nilidhani ni ufundi uliozidi. Watu walisema Fundi ana masikio ya ajabu, nami nikatembea kifua mbele kwa ajili ya masikio ya baba yangu.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake kiko upande wa pili wa ukuta, na haimbi hata akiwa anaosha vyombo. Ila alikuwa na tabia moja niliyoipenda sana. Hakumwita Baba kwa mbali hata siku moja. Aliacha cherehani, akaenda mpaka alipo, akamgusa bega, akangoja ageuke, ndipo akasema alilotaka kusema. Niliwaambia wasichana wenzangu kwamba mama zao wanawapigia baba zao kelele kutoka jikoni kwa sababu hawawapendi. Walinipiga kwa maneno hayo, na sikuyafuta.

Na kulikuwa na utani wetu wa nyumbani. Baba hakuwapenda wateja wenye masharubu mazito. Mteja wa namna hiyo akiondoka na spika yake, Baba alitikisa kichwa: "Ile haitengenezeki."

"Umejuaje nawe hujaifungua?" namuuliza.

"Nimemtazama mdomo tu."

Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu, mimi na yeye. Mama hakucheka. Nilidhani hajui utani.

Sasa turudi kwenye siku ile ya daktari.

Tukiwa njiani kutoka kwa daktari Mama alinisihi. "Baba yako tumwambie baada ya ukumbi. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Usimvuruge." Na kweli, spika za ukumbi zilikuwa zimejaa karakana nzima, mbili, kila moja ndefu kunipita. Alikuwa amezitengeneza kwa mapenzi, anazipangusa kwa shati lake mwenyewe.

Kulipokucha akaita. "Redio! Njoo upime!"

Nilikwenda. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha koo. Lakini alikuwa ameshanirushia maiki na ameshanipa mgongo.

"Imba."

Nilisimama pale nikiwaza. Kuongea siwezi. Nikimgusa na kumwonyesha ishara atadhani nimekula kitu kibaya. Nikasema moyoni, mstari mmoja tu, polepole. Akiisikia tu sauti yenyewe atadondosha bisibisi, atanikumbatia, na sitakuwa na haja ya kueleza chochote.

Nikaimba.

Jamani. Kilichotoka kwenye zile spika kilikuwa bati linaloburutwa kwenye saruji. Cherehani ya Mama ilinyamaza hapohapo. Mama akatokea mlangoni na uzi mdomoni, macho yamemtoka.

Baba hakugeuka. Alikipeleka kiganja chake huku na huku kwenye karatasi, akabonyeza kidogo, akahamia spika ya pili. Kisha akageuka na tabasamu lake.

"Safi kabisa, mwanangu."

Kwanza nilidhani ni utani. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alinitazama kwa upendo uleule wa siku zote, akanipapasa kichwa, akarudi kwenye nyaya zake.

Mama alinivuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Nilichukua chaki yake ya kukatia vitambaa, nikaandika mezani kwa herufi kubwa: HASIKII?

Akafuta haraka kwa kiganja. "Punguza sauti," akaniambia.

Tukatazamana. Siku nyingine tungecheka.

"Sikio la kushoto lilikufa ukiwa darasa la tatu," alisema. "La kulia lilimalizika ulipoingia sekondari. Spika ndizo zilizoyala masikio yake, na hakuna dawa. Tumeshauliza."

Nikaandika: MBONA HAMKUNIAMBIA?

"Alinikataza. Alisema, mtoto akijua sisikii ataniimbia kwa huruma. Mimi nataka aimbe tu."

Nilikaa chini kwenye marundo ya nguo za watu. Miaka yote ile ya kigoda na maiki. Nilipojifunza kupandisha sauti mpaka juu kabisa, nilipoongezea ule mkunjo mwishoni mwa looo ambao mwalimu wa kwaya aliusifia mbele ya wote, mtu wa kwanza niliyemwimbia alikuwa Baba, na hakusikia hata kidogo.

"Sasa anapimaje?" Safari hii sikuandika. Nilinyoosha mikono tu, Mama akaelewa.

"Kwa vidole. Anaweka mkono kwenye karatasi na anajua. Lakini si kwa sauti ya mtu yeyote. Yako ndiyo ya mwisho aliyoisikia vizuri. Anajua inavyopaswa kutetemeka. Ikitetemeka inavyotakiwa, spika ni nzima. Ikikwama, anajua pa kufungua. Bila wewe hana kipimo." Akaketi karibu yangu. "Na midomo anaisoma, kama mtu yuko mbele yake na hana msitu wa masharubu."

Kumbe ule utani wetu haukuwa utani.

"Mwanangu, nani atampa spika fundi kiziwi? Watu watacheka, kisha wataondoka." Alinishika mikono yote miwili. "Kesho meneja wa ukumbi atakuwepo. Baba yako atataka upime mbele yake. Mara moja tu. Baada ya hapo nyamaza hata mwaka mzima, nitakutetea."

Nikamtazama mama yangu. Ndipo nilipokumbuka nani alimuuliza daktari, "Na akiimba kidogo tu?" Nilidhani ameuliza kwa ajili yangu.

Nilitamani kupiga ukelele ambao ungevunja vioo. Badala yake nikaandika: NA SAUTI YANGU?

Hayo hakuyafuta. Alichukua kitambaa cha mteja, akakitandaza juu ya maneno hayo, akaanza kukata. Mkasi ukaenda upande.

Ndipo niliposikia harufu ya gundi ya moto.

Nilikimbilia karakana. Baba alikuwa amelaza spika moja ya ukumbi chali, ameshika wembe, na anaikata ile karatasi yake nyeusi kuizunguka pembeni. Karatasi ya spika ya pili ilikuwa imeshatolewa, imelala sakafuni vipandevipande.

Spika zilizokuwa nzima, zote mbili.

Nilimdaka mkono. Akacheka. "Usiogope, Redio. Kuna mpasuko mdogo, vidole vimeniambia. Nimesema safi ili usihangaike, lakini zote mbili zina mpasuko. Nabandika karatasi nyingine, kesho zitaimba."

Hapakuwa na mpasuko. Mpasuko ulikuwa kooni mwangu. Uliingia kwenye maiki, ukapita kwenye waya, ukamfikia kwenye kiganja, naye akaukata kwa wembe kwenye spika ya watu.

Nikasimama mbele yake, nikachezesha midomo harakaharaka bila sauti: *Sauti yangu imeharibika. Spika ni nzima.*

Aliitazama midomo yangu kwa makini. Sijawahi kumwona akinitazama hivyo, au labda alikuwa akinitazama hivyo siku zote. Akaitikia kwa kichwa, kwa furaha.

"Ndiyo, ndiyo, gundi itakauka kabla ya kesho."

Nikainama kuandika sakafuni. Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu. Mama aliniwahi, akanishika kifundo cha mkono.

"Ameshazikata," aliniambia sikioni, ingawa angeweza kupiga kelele na bado tungekuwa wawili tu. "Ukimwambia sasa atajua ameharibu kazi ya watu kwa mikono yake. Na atajua hana sauti ya kupimia tena. Mambo mawili kwa siku moja. Utamfanyia hivyo?"

Chaki ikaniponyoka. Msiniulize kwa nini sikuiokota. Nilimtazama Baba anavyoilainisha karatasi mpya kwa kidole gumba, mdomo umebinuka kwa umakini, na nikashindwa.

Ukumbini tulifika kesho yake mchana. Kulikuwa na vijana wanapanga viti, ngazi zimeegemea ukuta, na rangi bado mbichi kwenye nguzo. Meneja ni mtu wa suruali iliyonyooka na kidevu kilichonyolewa vizuri. Baba alimpenda tangu siku ya kwanza, na sasa nilijua sababu.

Meneja akawasha muziki. Spika zikakwaruza vibaya. Hata mimi niliyekulia karakana sikuwahi kusikia spika inayolalamika vile. Besi ilikuwa inapiga chafya.

"Bwana Fundi, mbona hivi?"

Baba alimtazama mdomo. "Zinataka kupimwa tu, bosi. Muziki wa kwenye mashine unadanganya. Mpimaji wangu huyu hapa." Akanipa maiki kwa madaha, kama mtu anayemtambulisha mke mpya. "Hakuna spika inayomdanganya binti yangu."

Meneja akazima muziki. Vijana wakaacha viti. Baba akaninyooshea kidole cha kuanza, akanipa mgongo, akainama, akaweka kiganja kwenye karatasi.

"Imba."

Mama alikuwa mlangoni. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti, mara moja, mara moja tu. Kumbe hata yeye aliijua lugha hiyo.

Nikahesabu hasara zangu. Nikiimba, nitaizika sauti yangu hapo, na Baba atashika mpasuko uleule, na ataenda tena kutafuta wembe. Nisipoimba, atashika kimya. Atageuka kuniuliza. Nikaona kimya ni nafuu. Atageuka, atanitazama usoni, nami nitamwambia kila kitu taratibu, midomo wazi, mpaka aelewe.

Nikaishusha maiki. Sikuimba.

Ukumbi ukatulia. Mahali fulani ngazi ililia kidogo, basi. Baba alibaki ameinama, kichwa kimeinamia upande mmoja. Nilimwona akihamisha kiganja. Nilimwona akibonyeza, kama anayetafuta kitu.

Kisha akanyanyua kidole gumba juu, bila kugeuka, na akasema kwa ile sauti yake kubwa ambayo sasa nilijua kwa nini ni kubwa:

"Safi kabisa, mwanangu!"

Vijana wa viti wakatazamana.

"Fundi," meneja alisema. "Mtoto hajaimba."

Baba akatoa bisibisi mfukoni, akakaza parafujo iliyokuwa imeshakazwa.

"Fundi."

Baba akaendelea kukaza.

Meneja akamsogelea kwa nyuma, polepole, viatu vyake havitoi mlio. Akanyanyua mikono hadi karibu na masikio ya Baba, akapiga viganja vyake kofi moja kali lililorudi kutoka kwenye kuta zote. Baba alikuwa anapuliza vumbi kwenye parafujo.

Kijana mmoja wa viti akacheka. Mwingine akamfuata. Kicheko kikasambaa, na pengine hawakuwa wabaya, pengine walikuwa wameshangaa tu. Baba akageuka. Akaona watu wanacheka. Naye akacheka, kwa moyo wote, maana hakuna anachokipenda kama mteja aliyefurahi.

Niliwachukia wote. Nilijichukia na mimi niliyenyamaza.

Kisha akaniona uso. Tabasamu likamtoka taratibu. Akamtazama meneja, mikono bado imekutana kwenye lile kofi. Akaitazama midomo ya meneja, lakini meneja hakuwa anasema kitu. Akanirudia mimi.

"Redio," aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Uliimba?"

Nikiitikia kwa kichwa, ataamini kwamba hata vidole vyake vimekufa. Nikikataa, nimemvua nguo mbele ya watu waliokwisha kumcheka. Shingo yangu ikakataa kwenda huku wala kule.

Baba akapiga hatua mpaka niliposimama. Hakuitazama maiki, hakuzitazama spika. Alinyoosha mkono wake unaonuka gundi, akaweka vidole vyake juu ya koo langu, palepale daktari alipomulika, taratibu, kama anavyoigusa karatasi mpya.

"Imba," akaniambia. "Nataka kujua ni nani kati yetu aliyeharibika."

Mlangoni Mama akapiga ukelele. "Usiimbe! Mwanangu, usiimbe!"

Niliusikia mimi. Aliusikia meneja, na vijana wote wa viti waliusikia. Baba alibaki amenishika koo, macho ameyafumba, anangoja.